Aliyeniuliza Upana wa Mlango

Baba alifariki Jumatano usiku, Februari 2019, na Alhamisi kabla ya saa 3 asubuhi nilikuwa nimeshamkabidhi laki mbili kijana ambaye hata jina lake sikuliuliza. Alinikuta nje ya mochwari ya hospitali moja hapa Dodoma, nimekaa kwenye ukingo wa mtaro, kanga imenidondoka begani. Akanipa pole, tena pole yenye utaratibu kuliko ya baadhi ya ndugu zangu. Akasema, "Dada, wewe lia tu, mengine yote tuachie sisi." Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kila siku ninawaambia watoto wa watu kwamba jibu lisilo na njia halina maksi. Nikafungua mkoba.

Kijana yule hakuwa fundi wala mwenye gari, alikuwa dalali. Kazi yake ni kukaa pale, kusikiliza kilio kinatokea upande gani, na kumpeleka mfiwa kwa mwenye duka atakayemkatia chake. Simchukii, kila mtu na anakopatia ugali wake. Lakini hela yangu ilipita mikono mitatu kabla haijagusa ubao, na kila mkono ulibakiza kitu.

Dukani nilionyeshwa majeneza kama mtu anavyoonyeshwa vitenge. La mbao laini, la MDF, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kuwa ubao, lililopakwa rangi nyeupe, la mninga linalong'aa hadi unajiona uso. Muuzaji aligusa la bei ndogo kwa kidole kimoja tu. "Hili ni la kawaida, mama." Kisha akaweka kiganja kizima juu ya lile jeupe. "Hili ndilo wanalochukua watu na heshima zao." Shemeji yangu alikuwa kwenye simu kutoka Dar, nimeweka spika, akasema mzee asizikwe kama mtu asiye na watoto. Basi tukachukua jeupe: kioo cha kuangalia uso, satini ndani, vishikio vya rangi ya dhahabu pande zote mbili. Laki 7.

Hakuna aliyeniuliza baba alikuwa na urefu gani, nami sikusema. Baba alikuwa mtu wa reli, mrefu, na wenzake kazini walimwita Nguzo. Waliomvisha walikuja kuniambia miaka miwili baadaye, tukiwa kwenye msiba mwingine kabisa, kwamba ilibidi wamkunje magoti kidogo. Walidhani najua.

Niseme kidogo kuhusu baba, maana bila hivyo jambo la msalaba halitaeleweka. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilikosa breki karibu na Igandu, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Wale ambao hakuna aliyeweza kuwatambua walizikwa Maili Mbili, hapa mjini. Baba hakusimulia mengi ya siku zile. Ila tangu hapo, kila tulipopita njia ile, alikuwa na sentensi moja tu: "Mimi mkinizika, mnizike na jina langu." Hakuomba marumaru wala shada. Jina.

Ijumaa simu zikaanza. Gari hadi kijijini, 350,000. Sawa. Baada ya saa moja: dawa ya kuuhifadhi mwili haikuwa kwenye ile bei. Saa moja tena: vijana wanne wa kubeba, wenye suti na glavu nyeupe. Kisha mashine ya kushushia jeneza kaburini. Kisha mashada, msalaba, mtu wa video. Kila simu ilikuja peke yake, na kila kiasi kilikuwa kidogo ukikilinganisha na kilichotangulia, kwa hiyo nikawa nasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kiongozi wa kamati yetu, baba mdogo, alikuwa akiandika michango kwenye daftari kubwa chini ya turubai. Ijumaa jioni alinyanyua macho akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu tunamzika au tunamwoza?" Nikamkasirikia. Leo ningempa kiti.

Suala la msalaba lilimalizwa kwenye simu. Mtu aliniuliza jina la marehemu, nami nikamtajia huku watu wakiimba nyuma yangu. Jina la ukoo wetu ni la Kigogo, lina herufi mbili ambazo mtu asiyetoka huku huwa hazisikii. Akasema, "Nimekupata." Akakata.

Jumamosi gari liliahidiwa saa 1 asubuhi. Lilifika saa 4 na ushee. Halikuwa lile jeusi refu nililoonyeshwa kwenye picha, lilikuwa Noah iliyotolewa viti vya nyuma, tumbo lake chini kama la kuku anayetaga. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu aliyekuwa na wiki ya pili Dodoma. Bahi, upande wa kwetu, hajafika. Akauliza, "Kuna lami?" Lami ipo, inaelekea Singida na inapita Bahi, na hadi hapo tulikwenda vizuri tukiimba. Ila kijiji chetu kiko nje ya lami, na nje ya lami kule ni mbuga.

Asiyejua mbuga ya Bahi nimweleze. Ni udongo mweusi, ule wa mpunga. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, mvua ikinyesha unakuwa ugali. Kwetu masika ni moja tu, Desemba hadi Aprili, na Februari ndiyo katikati yake. Ijumaa usiku mvua ilikuwa imenyesha. Kabla ya kijiji kuna korongo, ambalo miezi minane ya mwaka ni mchanga mkavu wanapochezea watoto, na siku ile lilikuwa na maji ya magoti, mekundu, yanakwenda kwa haraka. Noah haikufika hata kwenye maji. Ilizama kwenye tope hatua kama mia kabla, ikalala upande mmoja, na baba ndani.

Tukaamua kubeba. Wale vijana wanne wa suti walitazama tope, wakatazama viatu vyao, wakatazamana. Sikuwalaumu sana, nadhani viatu vilikuwa vya kampuni. Wajomba zangu wakashika vile vishikio vya dhahabu. Hatua ya tatu, kimoja kikabaki mkononi mwa mtu. Kilikuwa plastiki iliyopakwa rangi, kimeshikizwa kwa skrubu mbili fupi zisizopita hata nusu ya ubao. Kikafuata cha pili. Jeneza likainama, akina mama wakapiga yowe, na mjomba mmoja akaliwahi kwa goti. Jeans yake ile ina alama ya rangi nyeupe hadi leo.

Waliotuokoa ni vijana wa kijijini waliokuwa ng'ambo wakitusubiri. Walikata miti miwili, wakaleta kamba za kufungia ng'ombe, wakafunga jeneza kama machela ya mgonjwa, wakaingia majini wakiwa wanane. Baba alivuka korongo kama walivyovushwa wazee wake, na nikisema kweli, sehemu ile ndiyo pekee ya mazishi yake ninayoikumbuka bila kuona aibu.

Nyumbani, jeneza halikuingia. Nyumba ya baba ni ya matofali ya kuchoma, aliijenga mwenyewe, na mlango wa mbele ni mwembamba kwa sababu ya hela za wakati ule. Lile jeneza la heshima lilikuwa na mabega mapana na mapambo yaliyotokeza pembeni. Wakajaribu hivi, wakajaribu vile. Mama alikuwa ndani kwenye mkeka na wanawake wenzake, akimsubiri mumewe aingie alale naye saa moja ya mwisho, kama inavyokuwa. Ikabidi atolewe yeye nje, juani, mbele ya kila mtu. Wazee hawakusema kitu. Ukimwona mzee wa Kigogo amenyamaza ujue amesema.

Kuhusu mashine ya kushushia, niseme tu ilirudi kwenye Noah bila kufunguliwa. Kuhusu mtu wa video, aliniomba nirudie kuweka shada kwa sababu betri ilikuwa imekata. Na nikarudia.

Halafu msalaba ukasimikwa, nikasoma jina. Halikuwa la baba. Lilifanana, kama jina la mtu wa ukoo wa jirani. Watu mia mbili walikuwa wameinamisha vichwa kwa sala, na mimi nilikuwa nimekodoa macho kwenye herufi mbili zisizokuwepo.

Wiki mbili baadaye nilikwenda dukani. Mwenye duka, ambaye ndiyo kwanza namwona, alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Pole sana mama. Ila siku ile hukulalamika." Ni kweli sikulalamika, na hilo ndilo lililonitoa pale dukani nikiwa kimya. Akaniahidi msalaba mwingine. Sijauona.

Baada ya hapo nikawa mtu wa ajabu kidogo kwenye misiba. Wenzangu wakilia, mimi natazama kazi. Natazama magurudumu ya gari, natazama jeneza linashikwa wapi, nani anatoa amri. Mtaani kwetu alifariki mzee mmoja Mwislamu saa 2 asubuhi, na baada ya Alasiri tulikuwa tumeshamsindikiza. Wanaume wa msikitini walimwosha, wakamvika sanda vipande vitatu, wakamweka kwenye jeneza la msikiti ambalo hubeba kila mtu na kurudi, na vijana walikuwa wameshachimba na mwanandani, ule upenyo wa kulaza maiti ndani ya kaburi, kuukata. Hakuna aliyeuza kitu zaidi ya kitambaa. Nilirudi nyumbani nikifikiri: wale hawakuhitaji kuchagua mtu wa mazishi kwa sababu walishamchagua siku nyingi, kabla hajahitajika. Sisi tunamtafuta tukiwa tumelewa kilio.

Nikashuhudia pia msiba wa mtumishi mmoja, jirani, mtu wa Kagera. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, na mji kuwa jiji Aprili 2018, mtaani kwetu wamejaa watu wa mikoa yote, na wakifa wanarudi kwao. Mtumishi wa umma akifa kazini mwajiri hugharamia jeneza na safari ya mwili, kwa hiyo familia ilitulia. Gari lilikuwa zuri kweli, jipya, lenye taa ndani. Nilichokiona mimi ni kwamba lilikuwa na dereva mmoja. Kutoka Dodoma hadi Bukoba ni usiku mzima na saa za mchana juu yake. Nikamvuta kaka wa marehemu pembeni nikamwambia. Akanitazama kama mchawi, lakini akaenda kuuliza, na dereva wa pili akapatikana kabla hawajaondoka. Kuanzia siku ile kamati za mtaa zikawa zinanitafuta. "Mwiteni mwalimu, yule wa maswali."

Nimekutana na wafanyabiashara wa kila aina katika kazi hiyo isiyo na mshahara. Wapo waaminifu wenye maduka makubwa, na wapo matapeli wenye vibanda, kwa hiyo ukubwa wa duka haukuambii kitu. Bei nayo haikuambii. Kuna mmoja alikuwa wa bei ndogo kuliko wote, kumbe gari ni la kukodi kwa mtu mwingine na kila msiba anaanza kulitafuta upya. Kuna mwingine ghali, lakini akisema saa 1 utamkuta getini saa 12 na nusu anafuta vumbi. Nilichogundua taratibu ni hiki: mbovu wao huanza na bei, au na picha. Mzuri huanza kwa kukuuliza wewe.

Mama alifariki Oktoba 2023, baada ya kuugua kwa muda, hapa hapa mjini kwangu. Safari hii sikwenda mochwari kutafuta mtu. Nilikaa kwenye mkeka kama mfiwa, na kazi ile niliikabidhi kwa jirani mmoja, fundi wa magari, mwanamume asiye na undugu nasi na asiyekuwa na sababu ya kulia hadi akose hesabu. Nilimpa agizo moja: usiulize hospitalini. Waulize wachimba makaburi, waulize makatekista, waulize watu waliozika vijijini mwezi uliopita. Wachimba makaburi ndio wanaoona jeneza likishuka. Hakuna anayejua zaidi yao lipi lilifunguka kitako.

Jioni alirudi na majina manne. Moja lilitajwa na watu watatu wasiojuana: mzee mmoja seremala, karakana yake iko nyuma ya mashine ya kusaga, bango lake limeandikwa kwa mkono. Jirani akampigia, akanipa simu.

Sauti ya kizee. "Mbukwenyi. Poleni na msiba, mwanangu." Nikaitikia salamu ile ya Kigogo. Nikasubiri bei. Badala yake akauliza:

"Mama alikuwa mrefu kiasi gani? Akisimama na wewe anakufika wapi?"

"Begani."

"Mnene?"

"Ugonjwa umemmaliza, baba. Mwembamba."

"Pole. Mnampeleka wapi?" Nikamwambia. "Ile njia ya kulia baada ya lami, au ya kwenye mwembe?" Akawa anaifahamu. "Korongo sasa hivi ni kavu, ila mchanga wake unameza gari dogo. Nitakuja na Land Cruiser. Nyumba mnayomwingiza, mlango wake una upana gani?"

Nikanyamaza. Machozi yaliyokuwa yamekataa tangu asubuhi yakaja yenyewe. Yule mzee akasubiri upande wa pili bila kusema "halo, halo" kama wafanyavyo watu. Nilipopata sauti nikamwambia sijui, ni mwembamba. Akasema, "Mpigie mtu aliye kule apime kwa kamba, afunge fundo. Msinitajie namba, namba zinakosewa. Kesho mniletee kamba."

Kamba ililetwa na pikipiki asubuhi, imefungwa mafundo mawili. Nilikwenda nayo mwenyewe karakanani, maana nilitaka kuona. Alikuwa na majeneza matatu tu yaliyokamilika, mengine mbao. Akaniambia, "Shika hapo, nyanyua." Nikashika kishikio, nikanyanyua upande mmoja kwa nguvu zangu zote. Hakikulia. Akafungua kifuniko akanionyesha ndani: bolti zimepita ubao mzima, nyuma kuna kipande cha bati na nati. "Hivi vya dhahabu ninavyo pia," akasema, akiashiria boksi kwenye kona, "mtu akivitaka nampigilia, lakini namwambia ni vya kutazama." Kitako chake kilikuwa mbao za inchi moja, zimekatwa kwa mapana ili uzito usisukume misumari kwenda chini. Akapima kamba yangu juu ya jeneza. Fundo likapitiliza kwa vidole vitatu. "Linaingia."

Bei ya jeneza ilikuwa 320,000. Shemeji, ambaye safari hii alikuwa amekuja mwenyewe, alianza tena habari za heshima. Nikamwuliza, "Shemeji, unakumbuka jeneza la baba lilikuwa na rangi gani?" Alikumbuka vizuri kabisa. Ndiyo maana akanyamaza.

Mzee akatoa daftari la shule, akachana karatasi, akaandika kila kitu na bei yake mbele: jeneza, gari kwenda na kurudi na mafuta ndani yake, msalaba, kamba. Chini akaandika anachokataa. Video hana. Vijana wa suti hana, ana watu wawili na wenu ndio watabeba. Mashine ya kushushia anayo lakini haileti kijijini kwetu. Nikauliza kwa nini. "Mashine inataka kingo za kaburi ziwe ngumu na sawa. Mbuga ikikauka ina nyufa, ukiweka chuma pale kingo zinamomonyoka, mashine inaingia na marehemu. Kamba tatu na watu sita." Akanitajia jina la dereva na namba yake, akampigia nikiwa pale, akaniambia niongee naye. Kisha tukaweka sahihi wote wawili.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikwenda laini. Wajomba walitaka mwili ulale nyumbani kijijini usiku mzima. Oktoba kwetu ni joto, na mama alikuwa hajawekwa dawa. Mimi ningewaambia nini wajomba? Mzee akasema, "Usiseme wewe. Nipe niseme nao." Alikaa nao chini ya mkwaju karibu saa nzima, wakiongea Kigogo. Mwafaka: mwili utoke kwenye jokofu usiku wa manane, ufike kijijini saa 11 alfajiri, ukae ndani hadi ibada ya saa 4. Mama angelala kwake, kwa kifupi. Dawa haikuhitajika, na hiyo ni hela ambayo angeweza kabisa kuichukua. Ningesafirisha mwili kwenda mbali, ningeilipia bila ubishi, ila kwa saa tano za kijijini ni kununua mwavuli wakati wa kiangazi.

Kuosha waliosha shangazi na wanawake wa kanisani. Mzee alisimama nje ya mlango na maji ya ziada na pamba, amegeuza mgongo, hadi walipomwita.

Na akanikumbusha karatasi. Kwa baba nilitoka hospitalini na kibali cha mazishi, nikazika, nikasahau kwamba kibali si cheti. Kifo kinatakiwa kusajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ndani ya siku 30, na ukizipitisha unaingia kwenye usajili wa kuchelewa, wenye maelezo na safari zake. Mafao ya baba yalisubiri kwa sababu yangu. Kwa mama, mzee aliniuliza siku ya pili ya msiba, "Tangazo la kifo la hospitali umeliweka wapi?" Lilikuwa kwenye mkoba wa shangazi, limekunjwa pamoja na leso. Akasema, "Litoe humo."

Land Cruiser ilikuwa getini saa 6 na robo usiku, wakati tulikubaliana saa 7. Korongo lilikuwa mchanga mtupu chini ya mbalamwezi, dereva akatoa upepo kidogo kwenye matairi, akavuka. Mlangoni wajomba waliinama kidogo, wakapita bila kugusa kizingiti.

Vijana walikuwa wamechimba tangu jioni kwa sururu na mitaimbo, udongo ule wa kiangazi unarudisha chuma kama jiwe. Walimchimbia ubavuni mwa baba. Baada ya mazishi, watu walipokuwa wakielekea kwenye sufuria za ubwabwa, nilimwona yule mzee amebaki pale. Alikuwa anatazama msalaba wa baba, ule wa 2019. Mchwa walikuwa wameula chini, umeegemea. Akaniita.

"Huyu ni mumewe?"

"Ndiyo."

"Mbona jina lao halifanani?"

Nikamweleza, kwa kifupi. Akavuta ule msalaba, ukatoka mkononi mwake kama mhogo uliooza. Akapima ubao kwa shubiri, akatoa kalamu mfuko wa shati na kile kipande cha karatasi kilichobaki cha daftari. "Andika mwenyewe. Herufi kubwa. Weka sahihi chini, ili nikikosea ujue ni mimi." Nikaandika juu ya goti langu, nikasoma tena, nikaweka sahihi. Akasema ana mwili wa kupeleka Manyoni Alhamisi, na akirudi atapita. Ubao elfu 15, rangi hadai.

Alhamisi jioni nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili picha ilipoingia kwenye simu. Misalaba miwili, jua la kuzama nyuma yake, kivuli cha mpiga picha kimeangukia chini. Nikaikuza hadi jina la baba likajaa kioo, nikahesabu herufi moja moja kwa ncha ya kalamu nyekundu. Zilikuwa zote. Nikamtumia elfu 15 yake.